Mfereji Uliozibwa kwa Mchezo wa Tokyo

Ndugu zangu wa Ilula, na ninyi wa mbali mtakaosoma haya, nataka kuwasimulia habari za nyumba moja niliyoijua vizuri. Sisimulii ili tuicheke. Waliokuwemo ni watu kama sisi, na kilichowapata kingeweza kumpata yeyote.

Ilikuwa kiangazi, mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji kipya. Asubuhi za bonde letu zilikuwa na utulivu wake. Ukungu ulilala juu ya matuta, malori ya kwenda Zambia yalisikika kwa mbali yakipanda mlima kwa gia ndogo, na maji ya mfereji yaliingia kwenye nyanya bila kelele. Mfereji ule tuliuchimba kwa mikono yetu, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Kiangazi, asiye na zamu hana shamba.

Edmund na mkewe Severina walikuwa na vitalu vya nyanya upande wa juu. Chini yao alilima Liberatus, Mngoni wa Songea aliyehamia kwetu pamoja na mkewe Benedicta. Kwa wasiojua, Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na wajukuu tukabaki kutaniana. Mtani anaweza kuingia kwako akabeba kuku, na usiseme neno. Lakini utani una desturi yake: mtani huchukua mchana, machoni pa mwenyewe, na wote wawili wanacheka.

"Kamwene, Mama Lea!" Liberatus aliita asubuhi moja akipita ukingoni. Lea ni binti wa Edmund na Severina.

"Kamwene, mtani. Umeamkaje?"

"Mimi nimeamka, ila mbwa wangu haonekani. Na Baba Lea namwona anajilamba midomo. Sisemi kitu."

Edmund aliinua kichwa kutoka kwenye jembe. "Mbwa wa Kingoni ana nyama gani? Amekonda kwa kukimbia, kama babu yako alipotukimbia akaacha ngao."

Walicheka, kila mtu akaendelea na kazi yake. Ndivyo walivyoishi.

Kisha akarudi Anania. Huyu alikuwa mwenzetu, aliyekwenda Iringa mjini akapata kazi ya kukata tiketi mlangoni mwa jumba la sinema. Kazi ilipokwisha, alirudi kijijini na kichwa kilichojaa picha. Aliyoipenda kuliko zote ilitoka Japani. Ilionyesha majambazi wenye suti nyeusi na miwani myeusi, waliogawana mitaa ya Tokyo na kutoza kodi kila mwenye duka. Wadogo waliwainamia wakubwa, na aliyekataa kuinama alifungiwa mtaa wake mpaka ainame.

Sisemi kwamba sinema ni mbaya. Mimi mwenyewe nimewahi kuitazama na nikatoka nimefurahi. Ninachosimulia ni jinsi mchezo ulivyokua.

Katika banda bovu la kukaushia tumbaku, lililoachwa na mzungu, Anania alichora mji wa Tokyo sakafuni kwa mkaa. Kila mchezaji alipewa kizibo cha soda kuwa mtu wake, na jina la Kijapani. Edmund aliitwa Morita. Anania mwenyewe alikuwa Mkubwa, naye ndiye aliyegawa kazi: vunja duka hili, teka mtaa ule, mwadhibu aliyesaliti. Mchezaji alirusha maharage yaliyopakwa masizi upande mmoja. Yakilala vizuri, kazi imefaulu na cheo kinapanda. Yakilala vibaya, amekamatwa na polisi.

Ulikuwa mchezo mzuri, lazima niseme. Waliupenda watu wazima wenye wake na watoto. Nadhani ninaelewa sababu. Edmund alikuwa mtu wa kuambiwa: hamia hapa, lima hivi, njoo mkutanoni. Pale bandani Morita aliingia na watu wakasogea kumpisha.

Haukupita muda, akaanza kuchelewa shambani, na baadaye hakuonekana kabisa. Siku moja ya zamu yao Severina alimfuata mpaka mlangoni mwa banda, miguu ikiwa na tope.

"Baba Lea, leo Jumanne. Maji ni yetu."

"Nakuja. Umebaki mtaa mmoja tu."

"Mtaa wa wapi?"

"Wa Tokyo."

Wanaume wakaangua kicheko.

"Haya," Severina akasema. "Ukifika huko waulize kama wana mtu wa kushika jembe. Mimi hapa sina."

"Mama Lea ana ulimi!" Anania akasema. "Morita, huyu mkeo ndiye angekuwa Mkubwa."

Kicheko kikazidi. Severina aligeuka akarudi kwenye maji peke yake. Alifungulia, akaziba, akahamisha kutoka tuta hadi tuta, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Jioni Edmund alikuta chakula kimefunikwa na mkewe amelala na nguo za shamba. Alikula, akalala. Hakuna aliyegomba. Kuna uchovu unaonyamazisha watu hata ugomvi wa haki usiwepo.

Baadaye maharage yakawachosha wachezaji.

"Mtu hawi mkubwa kwa kurusha maharage," Anania aliwaambia. "Sasa kazi zifanyike kweli, huko nje. Ndogo ndogo tu. Morita, kaniletee kodi kutoka kwa mwenye duka yeyote."

"Watapiga kelele," mmoja akasema.

Edmund akafikiri. "Mtani wangu hatapiga. Mtani hashitaki."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, ndugu zangu. Alichukua desturi ya wazee akaifanya kichaka cha kujifichia.

Alikwenda kwa Liberatus akabeba tenga zima la nyanya zilizokuwa tayari kupelekwa barabarani kwa wasafiri.

"Beba, beba!" Liberatus akacheka. "Njaa ya Kihehe naijua. Bakiza tenga lenyewe usije ukalitafuna."

Edmund naye alicheka, lakini hakucheka alichocheka mwenzake. Kule bandani cheo chake kilipanda.

Wiki iliyofuata habari zikaja kutoka Songea: kaka yake Liberatus amefariki. Liberatus alifunga nguo zake kwenye shuka, akapita kwa Edmund akiwa na macho mekundu.

"Mtani, nakwenda kuzika. Nyanya zangu ndiyo zinaanza kushika matunda. Mtazamie Benedicta maji."

"Nenda salama, mtani. Pole sana," Edmund akajibu. Naamini siku ile alijibu kwa moyo.

Lakini alipofika bandani Anania alikuwa amemwandalia kazi ya mwisho, ya kumfanya awe wa pili kwa Mkubwa.

"Yule mwenye duka uliyemtoza, sasa mfungie mtaa mpaka ainame."

"Mwenyewe hayupo. Ana msiba."

"Tokyo hakuna msiba, Morita. Au nimpe kazi mwingine?"

Wote walikuwa wakimtazama. Edmund akainama mbele ya Mkubwa, kama kwenye picha, akatoka.

Pale mfereji unapogawanyika, nyuma ya matete, aliziba tawi la Liberatus kwa mawe, majani ya migomba na udongo. Alijiambia itakuwa zamu moja tu. Lakini sharti la mchezo lilisema mpaka ainame, na zamu moja ikafuatwa na nyingine.

Benedicta alifika shambani siku ya zamu yake, akakuta maji yanachuruzika kama machozi. Alikwenda kwa Kasian, msimamizi wa mfereji.

"Mwaka huu mto umepungua, mama," Kasian alimwambia, akikohoa kama kawaida yake. "Vumilia." Hakwenda kuangalia. Hata yeye alikuwa amechoka na malalamiko ya kila siku.

Basi Benedicta akabeba maji kwa ndoo kutoka mtoni. Lakini ndoo haishindani na jua la kiangazi. Majani yalijikunja, na nyanya changa zikaanza kuoza kitako, moja moja, nyeusi.

Severina ndiye aliyegundua. Alikuta matuta yake yana maji siku isiyo yake. Mwingine angefurahi akanyamaza. Yeye aliyafuata maji juu, hatua kwa hatua, mpaka kwenye matete. Huko alimkuta mumewe amekaa juu ya jiwe, amevaa koti lake jeusi la harusi, analinda kizuizi.

"Baba Lea. Hiki ni nini?"

Edmund alisimama haraka. "Usiguse. Ni kazi. Bado hajainama."

"Nani hajainama?"

"Mtani."

Severina alitazama mawe, akatazama koti. "Yuko Songea anamfukia ndugu yake. Amejua lini kwamba anatakiwa kuinama?"

 Sidhani kama Edmund alikuwa amejiuliza swali hilo hata mara moja.

Severina alizamisha jembe, akang'oa mawe moja baada ya jingine. Edmund hakumsaidia wala hakumzuia. Maji yalipopita, mwanamke yule hakurudi nyumbani. Alishuka na maji mpaka kwa Benedicta, akamweleza yote bila kupunguza.

Liberatus alirudi amenyolewa kichwa, kama wafiwa wanavyonyolewa. Kasian akaita wenye zamu wote tukakutana penye banio, pale maji yanapotoka mtoni.

"Mtani," Edmund alianza, akijaribu kutabasamu, "huu ulikuwa utani tu."

"Utani?" Liberatus hakupaza sauti. "Mtani huchukua akijificha kwenye matete?"

"Basi ulikuwa mchezo. Mchezo wa Kijapani. Muulize Anania."

"Mchezo gani? Na nani aliniita nicheze?"

Watu wakamgeukia Anania. "Mimi nilichora mkaa sakafuni," akasema. "Sikuziba mfereji wa mtu." Kesho yake alipanda lori la kwenda Mbeya, na mpaka leo hajarudi.

Sheria ya mfereji tuliitunga wenyewe: anayeziba zamu ya mwenzake hupoteza ya kwake mpaka mvua. Lakini zamu ya Edmund ilikuwa pia ya Severina, na kila mtu alijua nani amekuwa akiishika. Kasian akasita. Watu wakamtazama mama yule, na wengi tulikuwa tayari kumwonea huruma kama angeomba.

Severina hakuomba. "Zamu yetu apewe Benedicta," alisema. "Pengine nusu ya shamba lake itapona."

"Mama Lea," Liberatus akasema, "wewe huna kosa."

"Najua, shemeji. Lakini nyanya zako hazijui nani ana kosa. Zinajua maji tu."

Ikawa hivyo. Vitalu vya Liberatus vilipona kiasi. Vya Edmund vilikauka vikiwa vimebeba, mbele ya macho yetu, huku maji yakivipita pembeni kila siku. Severina aliokoa mistari michache kwa ndoo. Mwingine aliyekuwa akibeba ndoo ni Edmund. Aliamka kabla ya mkewe na kubeba bila kusemeshwa, lakini alikuwa amechelewa. Shamba lilipokwisha kabisa alikwenda Usangu kuvuna mpunga wa watu, ndipo nyumba ikapata cha kula.

Mvua zilipoanza alirudi na gunia moja. Kabla ya kulifungua alipima sehemu, akaipeleka kwa Liberatus. Alipokelewa vizuri. Aliwekewa kigoda, akapewa uji.

"Karibu sana, Bwana Edmund," Liberatus akamwambia. "Habari za Usangu?"

Bwana Edmund. Kumwita mtani wako bwana ni kumfungia mlango kwa adabu. Edmund alikunywa uji wake hadi mwisho, akashukuru, akaondoka.

FUNZO

Ndugu zangu, mwanadamu anahitaji kucheza, na kufikiri kwamba ni mtu mwingine mahali pengine si dhambi. Lakini mchezo una mlango, na kila anayecheza lazima ajue ulipo, ili zamu yake ya maji ikifika aweze kutoka. Asiyeweza kutoka hachezi tena, anachezwa.

La pili ni hili. Mchezo ni wa waliokubali kucheza. Ukimchezea mtu asiyejua kwamba anachezewa, huo ni uonevu, hata kama unacheka, na hata kama desturi inakuruhusu kutania. Tusivifanye vitu vizuri tulivyoachiwa na wazee kuwa maficho ya mabaya yetu. Shamba lililokauka hupandwa tena mwaka unaofuata. Imani ya jirani haina msimu wake, na hakuna ajuaye kama itaota tena.