Vidonge Vilivyoungua Jua

Kila asubuhi kabla ya shule, Gasaro alimpelekea Daktari Védastine kidumu cha maji. Védastine alikuwa mtafiti. Alipanga chumba jirani na kwao, katika mji wa Bugarama, ili achunguze jinsi dawa za malaria zinavyostahimili joto la bondeni. Siku moja alimwonyesha Gasaro chembe za dawa kwenye hadubini. Zilikuwa na kingo kali, kama vipande vya kioo. Alipozipasha moto, kingo zililegea, zikayeyuka.

"Hizi ni fuwele," alisema. "Joto likizidi, dawa huharibika hata kama ilitengenezwa vizuri."

Wiki hiyo mdogo wake Gasaro, Gisa, alishikwa na malaria. Baba yao, Mukengere, dereva wa lori la saruji, alimtuma Gasaro akalete vidonge garini. Baba alikuwa amevinunua zamani kwa Habimana, mwenye duka la dawa, akaviacha juu ya dashibodi, nyuma ya kioo cha mbele cha lori. Pakiti ilimuunguza Gasaro vidole. Vidonge vilikuwa vimegandana. Gasaro alikumbuka fuwele za Védastine, akasita, kisha akampelekea baba yake hivyo hivyo.

Gisa alivimeza vyote, homa ikazidi. Asubuhi moja akaanza kutetemeka, macho yakageuka. Mama alimkimbiza hospitali.

"Habimana ameniuzia dawa bandia," Mukengere alisema. Akachukua nondo kwenye lori, akaondoka.

Gasaro alimfuata mbio. Alipofika, vioo vya duka vilikuwa chini. Baba yake alimburuta Habimana hadi barabarani, akampiga nondo mkononi. Mfupa ulivunjika kwa mlio uliosikika na wote. Watu waliokusanyika walisikia habari ya dawa bandia, wakaingilia kwa mateke. Mmoja aliokota jiwe, mwingine akaitisha petroli.

"Nina watoto," Habimana alisema, damu ikimtoka kinywani.

Gasaro alipenya kati ya miguu yao, akamlalia Habimana mgongoni.

"Baba, dawa haikuwa bandia. Iliungua jua ndani ya lori lako. Mimi niliitoa, niliiona imeharibika."

Mukengere alimzaba kofi. Gasaro aliuma meno, akarudia maneno yaleyale, polepole, watu wote wasikie. Aliyeshika jiwe aliliachia. Kisha nondo ikaanguka.

Polisi walimchukua Mukengere. Védastine alipima vidonge vilivyobaki dukani, vikawa vizima. Gisa alichomwa sindano hospitalini, akapona.

Mukengere alipoachiwa, alikwenda na Gasaro kwa Habimana, ambaye mkono wake ulikuwa bado kwenye plasta. Mukengere alipiga magoti.

"Nilikuumiza bila kuuliza," alisema. "Kosa lilikuwa langu."

"Dawa iwekwe kivulini, Mukengere," Habimana alisema. "Na hasira isitangulie ukweli. Nyote mlikuwa na mikono ya kupiga. Mtoto huyu peke yake alikuwa na la kusema, akalisema mbele ya baba yake."

"Najua," Mukengere alijibu. "Bila yeye, leo ningekuwa muuaji."