Maji ya Akiba

Mama huyu ninayemsimulia tulipakana naye ukuta, na haya aliyasema mwenyewe, mara moja tu, ameinamisha uso kama mtoto aliyevunja sahani. Kazi yake ilikuwa udobi. Tena si udobi wa kubahatisha. Miaka thelathini na miwili alifua mashuka ya nyumba ya wageni kwa mikono yake miwili, na ukimpelekea shati lenye doa la kutu alikuwa analigeuza mara moja tu na kukwambia, "Hili kesho linatoka." Kesho linatoka kweli. Mtaa mzima ulimwita Mama Dobi, na jina hilo lilimkaa vizuri.

Binti yake wa pekee aliolewa akahamia ng'ambo na mumewe. Alipojifungua kwa kupasuliwa akatuma tiketi na ujumbe mfupi: "Mama njoo, siwezi hata kuinama." Mama akafunga safari siku hiyohiyo moyoni, na wiki iliyofuata kwa ndege. Mjukuu wa kwanza huyo, nani angemsubirisha?

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu: vyumba viwili, sebule iliyoungana na jiko, na bafu moja. Hilo bafu moja ndilo lililoanza kumtesa. Mama na mkwe wake, mlango mmoja wa choo! Tena ndani hakuna kopo wala ndoo, karatasi tu imening'inia ukutani. Siku ya kwanza aliingia na chupa ya maji kaificha chini ya mtandio. Alipotoka akakutana uso kwa uso na mkwe anasubiri zamu, na kwa mshtuko chupa ikamponyoka, ikabingirika mpaka miguuni pa kijana wa watu. Mkwe akaiokota, akampa kwa mikono miwili, "Shikamoo mama," akapita. Heshima ile ndiyo ilimmaliza kabisa. Heri angecheka.

Yakafuata mengine. Jiko lilikuwa kioo cheusi kitupu, akaomba kiberiti. Bomba la kuogea, lile lililozungushiwa kibanda cha kioo, akalizungusha upande usio wake, maji ya moto yakamchoma bega, akang'ata mtandio ili asisikike. Lakini kilichomvunja moyo ni mashine ya kufulia. Aliingiza nguo, akabonyeza kila kilichobonyezeka, mashine ikajifunga na kuanza kulia kama mtoto wa njaa. Mkwe akaja, akabonyeza mahali pamoja tu, kimya.

"Leo Mama Dobi kashindwa na mashine!" akatania. Binti akacheka huku ameshika mshono wake. Mama naye akacheka, maana angefanyaje? Moyoni alitamani sakafu ipasuke immeze. Umwambie mvuvi hajui maji.

Kesho yake asubuhi akatangaza, "Hiyo mashine nimeshaielewa. Jambo dogo sana hilo."

Uongo mtupu. Na uongo una kazi, jamani. Ukiuanzisha lazima uulishe. Kila saa nne asubuhi, mkwe yuko kazini, binti amenyonyesha na kulala, mama alikuwa anaiwasha mashine tupu, haina hata soksi, ingurume tu wasikie. Yeye mwenyewe anajifungia bafuni. Upande wa pili wa bafu, nyuma ya pazia la plastiki, kulikuwa na hodhi, lile beseni refu la kujilaza uoge, ambalo watu wa nyumba ile hawakuligusa. Hapo ndipo alipofulia. Anasugua, anasuuza, anakamua, anatoka na nguo kwenye ndoo ya usafi ya jikoni, anazianika kwenye kiango cha sebuleni. Binti akiamka anasema, "Mashine imefua vizuri eeh?" Mama anajibu, "Haina mchezo."

Sasa, kwao maji yalitoka mara mbili kwa wiki, yakipenda. Mtu aliyezoea hivyo hawezi kuona chombo kikubwa kitupu akalala usingizi. Kwa hiyo akimaliza kufua alikuwa analijaza hodhi maji safi mpaka ukingoni, akiba ya kesho, kisha anavuta pazia. Na binti alikuwa amemwonya tangu siku ya kwanza.

"Mama, kwenye hodhi usiache maji yakalala. Mwenye nyumba alituambia hilo kabla hata ya kutupa ufunguo."

"Kwa nini?"

"Sikumuuliza. Labda linavuja kwa watu wa chini."

Mama akasema ndiyo, ndiyo. Akilini akasema, hawa wamedekezwa na bomba, siku likikauka watanishukuru.

Dobi huhesabu. Zinaingia ngapi, zinatoka ngapi, maana nguo ya mtu ikipotea ni kesi. Siku ya nne aliingiza saba. Akasuuza, akakamua, akahesabu. Nane.

Ya nane ilikuwa kishati cha mtoto wa miaka miwili hivi, cha njano, kina kifungo kimoja. Nyumba ile haikuwa na mtoto wa miaka miwili. Kilikuwa baridi kuliko zile nyingine, baridi ya kuumiza vidole.

Angeuliza. Mtu mwingine yeyote angeuliza. Lakini akiuliza habari ya nguo ataulizwa amefulia wapi, na mashine ilikuwa inanguruma jikoni. Akakikamua, akakitia kwenye begi lake, chini kabisa, akafunga zipu.

Siku ya tano aliingiza saba. Zikatoka nane. Kishati kilekile. Akaenda chumbani kwake, akafungua begi. Kishati hakimo. Nguo zake zote za ndani ya begi zilikuwa zimelowa chapachapa.

"Ni uzee," akajinong'oneza. "Ni uzee tu."

Siku ya sita hakutaka kwenda. Akaiwasha mashine akabaki jikoni, anaitazama inavyozunguka bila kitu. Mjukuu alikuwa kitandani kwake sebuleni, kile kitanda kidogo chenye fito. Binti amelala chumbani. Jua linaingia dirishani, mchana mweupe kabisa. Mashine ikazunguka, ikapunguza, ikasimama.

Kufua hakukusimama.

Sauti ilitoka bafuni. Mtu anasugua nguo. Anasugua mara mbili, anachovya. Anasugua mara mbili, anachovya. Mama alisikia hilo kwanza kabla ya woga: huyu si dobi. Dobi husugua mara tatu. Huyu ni mtu anayefua nguo za mtoto wake tu.

Akadhani ni binti ameamka. Akachungulia chumbani. Binti amelala, mdomo wazi, mkono juu ya tumbo.

Akaenda bafuni. Akasukuma mlango. Sauti ikakatika.

Hapakuwa na mtu. Pazia lilikuwa linachuruzika maji. Maji ya akiba yalikuwa yanacheza, yanapiga kingo huku na huku, kama mtu katoa mikono sasa hivi. Mama akapiga magoti, akatia mkono atoe kizibo, maji yaishe, mambo yaishe. Hodhi lile kina chake hakifiki goti. Mkono ukaingia mpaka kiwiko. Ukaingia mpaka bega. Shavu lake likagusa maji. Chini hakufika.

Akauchomoa mkono akaanguka kwa makalio.

Hapo ndipo angepiga kelele. Mwenyewe alisema hivyo, na aliposema akafunika uso. Hatua sita tu mpaka kwa binti yake. Angemwamsha, angesema nimelala na uongo siku zote hizi, sijui mashine, nimeacha maji uliyonikataza, kuna kitu. Alikaa sakafuni akitafuta maneno yatakayomwacha na uso. Akayatafuta. Dakika moja, labda mbili. Mwishowe akajikung'uta, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake na kujiambia atasema jioni.

Akaenda kumtazama mtoto. Kitanda kilikuwa kitupu.

Mtoto wa siku ishirini na nne. Hawezi hata kujigeuza.

Nyuma yake sauti ikaanza tena. Safari hii haikuwa ya kusugua. Ilikuwa ya kumwagia maji, taratibu, kwa kiganja. Na juu yake mtu ananong'ona, kama mama anavyonong'ona akiogesha. "Haya. Haya. Basi."

Mama alikimbia. Mtoto alikuwa katikati ya hodhi, chali, uchi, majini. Hazami. Hakuna kilichomshika na hazami. Hakulia. Macho yake yalikuwa yanatazama juu kidogo ya maji, mahali ambapo uso wa mtu ungekuwa. Nguo zake ndogo zilikuwa zimefuliwa, zimekamuliwa, zimepangwa ukingoni moja baada ya nyingine.

Akamnyakua. Kuna kitu kilivuta. Kidogo tu, halafu kikaachia.

"Mama! Unafanya nini?"

Binti yake alikuwa mlangoni, ameshika mshono, rangi imemtoka. Aliona alichokiona: mama yake amelowa mpaka bega, mtoto uchi anatiririka maji, nguo zake zimepangwa vizuri ukingoni. Akamnyang'anya mtoto.

"Ni ya baridi! Mama, maji ni ya baridi! Ulikuwa unafanya nini?"

Na mama, Mungu amsamehe, akajibu, "Namwogesha."

"Kwenye hodhi? Kwa maji haya? Ana siku ishirini na nne!"

"Nilidhani... nilishindwa kujua bomba lipi la moto."

Lilikuwa jibu lililokaa sawa. Mshamba aliyeomba kiberiti kwenye jiko la kioo, kwa nini asimwogeshe mtoto kwa maji ya barafu? Binti aliliamini papo hapo, na kuliamini haraka namna ile ndiko kulikomchoma mama kuliko matusi. Binti akatia mkono akang'oa kizibo. Kilikuwa palepale, maji yasiyofika goti. Yakashuka kwa sauti ya kawaida kama maji ya mahali popote. Kishati cha njano hakikuonekana tena.

Mkwe aliporudi hakufoka. Alikaa naye sebuleni, akasema kwa adabu zote, "Mama umechoka. Tumekutwisha mzigo mkubwa. Afadhali urudi upumzike." Tiketi ikabadilishwa. Siku zile chache zilizobaki mtoto hakuwekwa tena sebuleni. Alilala chumbani na mama yake, mlango umefungwa kwa ndani. Kwenye uwanja wa ndege mama akanyoosha mikono amuage mjukuu. Binti akamkumbatia mama yake kwa mkono mmoja, mwingine umembana mtoto upande wa mbali. Hakumpa.

Tulimpokea mtaani na maswali mia. Ng'ambo kukoje? Mashine zinafua zenyewe kweli? "Kuzuri," akasema. "Baridi tu." Na kazi ya udobi akaiacha, tukadhani katajirika.

Mwezi wa tatu tangu arudi, simu ikaita saa tano asubuhi. Nilikuwa nimekwenda kuazima pasi, akanishika mkono nisitoke, simu kaiweka spika. Binti alikuwa anaongea chinichini, kwa upole ambao mama hakuusikia tangu siku ile.

"Mama, sikulaumu. Yameshapita. Lakini niambie ukweli kwa ajili ya mtoto. Daktari anauliza. Siku ile alikaa majini muda gani?"

"Kwa nini?"

"Vidole vyake. Vimekunjamana, kama vya mtu aliyeshinda majini. Tulidhani vitanyooka."

Mama akakaa kitandani.

"Mwanangu," akasema, "sikumtia mimi."

Akasema yote. Chupa, mashine tupu, maji ya akiba, ile ya nane, mkono usiofika chini. Alisema huku machozi yanamdondoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

Binti akavuta pumzi. Akanong'ona, kama mtu asiyetaka kusikika chumbani mwake mwenyewe.

"Ni mkono mmoja tu, mama. Wa kulia. Tulihama nyumba ile wiki iliyopita, nikadhani tumeyaacha hayo huko. Naukausha, nageuka kuchukua taulo, nikirudi umelowa tena. Na ameunyoosha juu, mama, hivi. Kama ameshikwa."