Ndoo ya Maji ya Bomba

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi moja: kuteka ndoo ya maji ya bahari gatini, kutumbukiza kipimajoto dakika tatu, kisha kuandika namba kwenye daftari la shangazi. Shangazi alikuwa mtabiri wa hali ya hewa, na magoti yake yalikuwa yamegoma kushuka ngazi za gati. Niliipenda kazi hiyo mpaka kiwanda cha samaki kilipoanza kumwaga taka zake pale pale.

Kinyaa nilichokisikia hakina mfano. Maji yaligeuka mazito, povu la kijivu juu, matumbo ya samaki yakielea na nzi wakijipigia karamu. Siku moja utumbo uliningʼangʼania kidoleni, nikatapika chai yote. Kaka akanibandika jina la Bi Pua. Tangu hapo nikawa nachota maji ya bomba nyuma ya ghala la barafu. Nilijiambia maji ni maji.

Wiki ya pili zikaja habari za kimbunga kutoka kusini. Tukiwa mezani kwa chakula cha mchana, baba aliuliza kama tumhamishe bibi, ambaye nyumba yake iko hatua chache tu kutoka majini. Shangazi alisema hakuna haja. Alitueleza kwamba kimbunga hupata nguvu kwenye bahari yenye joto, na kikifika huku kaskazini kikakuta maji baridi, huishiwa nguvu.

"Daftari linasema nyuzi ishirini na moja," alisema. "Kitafika hapa hoi."

Nililirudisha tonge sahanini. Nilijionea kinyaa kuliko nilivyoyaonea yale matumbo.

"Shangazi, hayo si maji ya bahari. Nilichota bombani."

Kaka aliacha kutafuna. Shangazi hakunigombeza. Alichukua ndoo, akaniongoza gatini, akashuka ngazi zote kwa taabu akishikilia ukuta. Niliteka mwenyewe, uvundo ukinichoma pua, utelezi mpaka kwenye viwiko. Kipimajoto kilisoma ishirini na nane. Shangazi akapiga simu papo hapo kutoa tahadhari, na kabla ya jua kuzama bibi na majirani zake wote walikuwa shuleni, kule mlimani.

Kimbunga kilifika kesho yake kikiwa na nguvu zote. Kilipopita, tulimkuta bibi salama, akinungʼunika kwamba wenzake wanakoroma. Nyumbani kwake ukuta wa mbele haukuwepo, na tope linalonuka lilikuwa limefunika kitanda.

Shangazi alisimama mlangoni akikitazama.

"Ungeniambia maji yananuka, ningekwenda kiwandani siku hiyo hiyo kugombana nao," alisema. "Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Hakuna atakayekucheka. Lakini ukiniandikia uongo, mimi nitauamini, nami nitamwambia mama yangu alale hapa."