Uso wa Mama Kwenye Filamu ya Mwisho

"Hiyo filamu siigusi mpaka uniambie mama ulimpiga picha wapi."

Alisema bila kunitazama, mpiga picha wangu, mwanaume ambaye sikuwa nimepokea simu yake tangu tumzike mama. Asubuhi nilimtumia ujumbe: "Nina filamu ya mama. Utanisaidia?" Akajibu neno moja: "Njoo."

"Nje, mlangoni," nikasema. "Jua la saa saba. Alivaa gauni jeupe."

Akashusha pumzi.

"Gauni jeupe, jua la utosini, na mama mweusi ti kama wewe. Nikisafisha kama kawaida, gauni litaungua libaki weupe mtupu."

"Na uso?"

"Ulipima mwanga wapi?"

"Usoni. Nilimsogelea na kile kipima mwanga mpaka akaniuliza kama nampima homa."

Akacheka kidogo.

"Basi uso upo. Kumbe nilipokufundisha hukuwa umelala."

"Na gauni?"

"Hilo niachie. Nitaipunguzia filamu muda wa kukaa kwenye dawa, na tangi la kuisafishia nitaligeuza taratibu. Nikilitikisa sana, weupe unazidi ukali. Nikiitoa mapema mno, picha nzima inakuwa kijivu kama uji. Na sina filamu nyingine ya kujaribia."

"Nakuamini."

Akaingia chumba cha giza, akatoka na tangi limefungwa, akamimina dawa. Aliligeuza kama anayebembeleza mtoto, kisha akalitua na kusubiri. Mimi roho mkononi. Mama alikimbia kamera maisha yake yote, na picha yake nyingine sina.

"Nilikukosea nini?" akauliza, macho kwenye saa.

"Hukunikosea."

"Nilikuomba tuoane, ukasema ngoja uende kwa mama. Ukaenda. Nilipokuona tena ilikuwa msibani."

"Ukabeba jeneza, ukaondoka bila kunidai jibu. Sijawahi kukushukuru."

"Sikuja nishukuriwe, bibie. Nilikuja kumzika mama."

Nilijiona mdogo, na bado nilifurahi kuwa pale.

Filamu ilipokauka, akaniita ndani ya chumba cha giza, kwenye taa yake nyekundu. Akaimulikia karatasi picha kutoka kwenye filamu, kisha akailaza kwenye beseni la dawa. Kwanza yakaja macho. Halafu mashavu na meno. Mwisho mikunjo ya gauni, kila pindo nililolishona mwenyewe, mama mzima, hakuna kilichoungua wala kilichozama gizani. Nikalia bila aibu.

"Asante," nikasema. "Asante sana. Nilikuwa nimeanza kuusahau uso wake."

"Hebu ona, anacheka. Mama huyu aliyekuwa akiona kamera ananuna? Ulimwambia nini?"

Nikajifuta machozi.

"Nilimwambia nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kuolewa na wewe. Alicheka mpaka akashika mlango, ndipo nikabonyeza. Nilitaka wewe uwe wa pili kujua. Kesho yake akaanguka, akafariki, na mimi nikaona kusherehekea chochote ni kumkosea heshima."

Akavuta kigoda, akaketi. Alikuwa ameishika ile picha kwa koleo, maji yakimchuruzikia magotini.

"Na sasa?" akauliza polepole. "Jibu bado ni lile?"

"Mtazame vizuri," nikamwambia. "Unadhani huyo ataniruhusu nibadilishe?"