Upande Safi wa Baiskeli

Kila alasiri, nikishavua sare ya shule na kula, nilikuwa na kazi moja nyumbani: kuitunza baiskeli. Niliichagua mwenyewe. Siku mama alipogawa kazi, zilikuwa tatu: kusafisha choo, kufua bandeji za bibi, na baiskeli. Kabla hajamaliza kuitaja ya tatu nilishapiga kelele, "Baiskeli yangu!" Choo kikamwangukia kaka, bandeji zikabaki kwa mama. Nikajiona mjanja. Kumbe nilikuwa nimeruka majivu nikakanyaga moto.

Niseme wazi: mimi ni mtu wa kinyaa. Unywele mmoja kwenye sabuni unatosha kunikatisha kuoga. Utando juu ya maziwa hunitoa mezani. Kaka alinibandika jina la Bi Kinyaa nikiwa na miaka sita, na sasa nina kumi na miwili bado ndilo ninaloitwa hata na majirani.

Hebu basi fikiria cheni ya baiskeli yetu. Ilikuwa nyeusi, inanata, na kila kitu kilichoruka barabarani kiliishia humo: mchanga, manyoya ya kuku, nyuzi, nywele za mtu nisiyemjua, na sisimizi waliokufa wameshikana. Mafuta ya mashine yalipokwisha, mimi kwa akili zangu niliimiminia mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga samaki. Baada ya wiki moja cheni ilinuka shombo kiasi kwamba paka wa jirani alikuja kuilamba. Nilikuwa nikiipangusa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, uso nimeugeuzia ukutani, pumzi nimezibana.

Lakini kile kilichonikirihi kuliko cheni sikuthubutu kukisema. Kilikuwa mguu wa bibi.

Bibi, mama yake mama, alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu kwa miezi mitatu. Chumba chake kilinuka dawa, na chini ya dawa kulikuwa na harufu nyingine, tamu na mbaya, iliyonifanya nisimame mlangoni kila nikitumwa kumpelekea chai. Niliweka kikombe kwenye kigoda karibu na kizingiti na kusukuma kigoda ndani kwa kidole cha mguu.

"Bi Kinyaa," bibi alinitania siku moja, "siku ukizaa, mtoto wako atachambwa na nani? Au utamwajiri paka?"

Nilicheka, lakini sikuingia.

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mama alimpakia bibi nyuma ya baiskeli, kwenye keria iliyowekwa mto, akampeleka zahanati kusafishwa kidonda. Kisha ndipo alipokwenda kazini kwake, kupiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni. Muuguzi wa vidonda alifunga chumba chake saa nne kamili asubuhi. Na alikuwa amemwambia mama bila kupindapinda: kidonda kile kikikosa kusafishwa hata siku moja, kitaoza upya, na kikioza upya, hospitali kubwa watauondoa mguu.

Sasa, cheni ikaanza kulegea. Ilining'inia, ikawa inachomoka kwenye meno kila baada ya siku mbili. Nilimuuliza kaka, naye akajibu huku akitafuna, "Si uikaze tu?"

Kukaza si kazi ngumu. Gurudumu la nyuma hushikwa na nati mbili, moja kila upande. Unazilegeza, unalivuta gurudumu nyuma kidogo, cheni inakaza, unafunga tena. Nati ya kushoto ilikuwa safi, inang'aa. Ya kulia ilikuwa kulekule kwenye cheni, imezama katika uchafu hadi haionekani umbo. Niliitazama mara moja, nikageuza uso. Basi nikalegeza ya kushoto, nikalivuta gurudumu kwa upande huo, nikafunga. Ya kulia sikuigusa.

Cheni ikalegea tena. Nikavuta tena kushoto. Ikachomoka tena. Nikavuta mara ya tatu, kwa nguvu zaidi, nikajisifu kwa kuwa nati ile ilikaza hadi spana ikalia.

"Umekaza?" mama aliniuliza jioni ile.

"Nimekaza, mama."

"Pande zote mbili?"

"Zote mbili."

Sikupepesa hata jicho.

Kesho yake ilikuwa Jumatano ya likizo. Mama alitangulia na bibi nyuma, mimi nikawafuata kwa miguu, mwendo wa haraka, nimebeba mkoba wa bibi. Baiskeli ilikuwa inalia kwaru, kwaru, kwaru. Tulipofika kwenye kilima kifupi karibu na soko, mama aliinuka kwenye kiti akakanyaga pedali kwa nguvu zote. Cheni ikachomoka. Mguu wa mama ukateleza hewani, baiskeli ikayumba, na bibi akaanguka upande wa mtaro.

Mtaro ule ndio unaopokea maji yote ya soko. Maganda yaliyooza, matumbo ya samaki, mapovu ya kijivu. Bibi alikaa ndani yake, maji hadi magotini, kilemba kimemwangukia jichoni, na bandeji yake nyeupe ilikuwa inakunywa yale maji polepole. Nilisimama ukingoni. Mama aliruka ndani na viatu vyake vya kazini bila kuuliza. Mimi nilisimama tu, mkono puani, na hadi leo naona aibu kuliandika hili.

Aliyemsaidia mama kumtoa bibi alikuwa fundi baiskeli mwenye kibanda pale pembeni. Watu humwita Jicho Moja. Nilidhani ni chongo, kumbe macho yake yote ni mazima. Ni kwamba akitazama baiskeli hufumba moja. Alimketisha bibi kwenye benchi, akamletea mama dumu la maji safi ili amwoshe, kisha akaiinua baiskeli yetu na kuigeuza juu chini. Akainusa.

"Ebo! Hii ni baiskeli au kikaango?"

Kisha akachuchumaa nyuma ya gurudumu, akafumba jicho moja, akatazama kuelekea mbele.

"Dada," alimwambia mama, "nani anaikaza baiskeli hii?"

"Binti yangu huyu. Jana tu ameikaza, pande zote mbili."

Jicho Moja aliichukua spana, akagusa nati ya kulia. Kulikuwa na gamba la uchafu mkavu juu yake, halijapasuka hata ufa. Akaligonga, likaanguka kipande kizima, kikiwa na alama ya pembe za nati ndani yake.

"Nati hii haijaguswa na spana tangu mwaka jana," alisema taratibu.

Mama aligeuka kunitazama. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye sketi yake. Ingekuwa afadhali angenichapa.

"Nilidanganya," nilisema. "Niligusa ya kushoto tu. Ile ya kulia... inatia kinyaa, mama."

"Kinyaa," mama alirudia, akitazama mguu wa bibi uliolowa maji ya mtaro. "Fundi, tafadhali itengeneze haraka. Ni saa tatu na nusu, na muuguzi hangoji mtu."

"Asiitengeneze yeye," alisema bibi.

Sote tulimgeukia. Alikuwa ananuka kama jaa la soko, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote.

"Mama, mguu wako!"

"Mguu ni wangu, naujua kuliko nyinyi. Fundi akiifunga leo, kesho kutwa huyu atavuta tena kushoto na mimi nitarudi mtaroni. Mtaro huu nimeuona, unatosha. Fundi, mwelekeze. Mikono iwe yake."

Jicho Moja alicheka kwa pua, akanipa spana. "Umesikia amri. Anza na kulia."

Niliingiza vidole kwenye grisi iliyobaki chini ya lile gamba. Ilikuwa laini. Hicho ndicho kilichonichukiza zaidi, ule ulaini, na ulikuwa na uvuguvugu wa jua. Unywele mrefu ulijizungusha kwenye kidole changu cha shahada, na chini ya kucha nilihisi kitu kikipasuka. Nikageuza kichwa pembeni.

"Ukitaka kutapika, tapika pale nyuma ya pipa," alisema Jicho Moja, "halafu urudi. Nati itakungoja."

Sikutapika, lakini machozi yalinitoka. Nikaiweka spana, nati ikalia, ikazunguka. Nikalegeza na ya kushoto.

"Sasa njoo huku nyuma. Fumba jicho moja. Unaona nini?"

Nilipiga magoti kwenye vumbi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliitazama cheni ile bila kugeuza uso. Na niliona. Meno ya mbele yalitazama huku, meno ya nyuma yalitazama kule. Cheni ilitoka nyuma ikaenda mbele imepinda, ikipanda meno kwa ubavu badala ya kuyapanda kwa katikati.

"Imepinda," nilisema.

"Imepinda. Sasa tazama tairi, pale linapopita kati ya mikono miwili ya fremu."

Upande wa kushoto tairi lilikuwa limeigusa fremu hadi kuichuna rangi. Upande wa kulia vidole vyangu viwili vilipita.

"Wewe umekuwa ukivuta mkono mmoja wa gurudumu," alisema. "Mtu akikuvuta mkono mmoja, si utageuka? Nalo limegeuka. Na cheni iko kulia, mwanangu. Ungevuta kushoto hadi kiama, isingekaza. Kila mtu anajua kusema 'kaza, kaza'. Kabla ya kukaza kuna kunyoosha. Kilichopinda ukikikaza, kinabaki kimepinda kwa nguvu."

Alinielekeza hatua kwa hatua, yeye mwenyewe mikono nyuma. Nilisukuma upande wa kushoto mbele kidogo, nikavuta wa kulia nyuma. Nikapima kwa kidole: kidole kimoja kushoto, kidole kimoja kulia. Nikarudi nyuma, nikafumba jicho. Bado. Nikavuta tena, kiasi cha unene wa sarafu. Sasa cheni ilikwenda mbele imenyooka kama uzi wa cherehani. Nikafunga nati ya kulia kidogo, ya kushoto kidogo, ya kulia tena, nikihama upande kwa upande ili gurudumu lisigeuke.

"Bonyeza cheni katikati. Inacheza?"

Nilibonyeza. Ilishuka kwa upana wa kidole, ikarudi.

"Hapo hapo. Ikilegea zaidi itachomoka, ikikaza zaidi itakatika. Zungusha pedali, ubonyeze tena mahali pengine. Vizuri. Na mafuta ya samaki, waachie samaki."

Aliifuta cheni mara mbili kwa tambara lenye mafuta ya taa, akaidondoshea mafuta ya mashine. Nilizungusha pedali. Ile kwaru, kwaru haikusikika tena, ni mlio mwembamba tu wa cheni inayopita mahali pake.

Mama alimpakia bibi, na baiskeli ikapanda kilima bila kusita. Mimi nilikimbia nyuma, nimeinyanyua mikono mbali na gauni langu. Ilikuwa myeusi hadi viwiko na ilinuka kuliko paka mfu.

Tulimkuta muuguzi ameshika ufunguo. Alimtazama bibi kuanzia kilemba hadi miguu, akaurudisha ufunguo mfukoni.

"Nawa," aliniambia, akinionyesha sinki. "Kwa sabuni, mara tatu. Mama yako atamshika mabega, wewe utamshika kisigino. Leo nitasugua sana, na itamuuma."

Nilitaka kusema kaka yangu angeweza kuja. Nilinawa. Weusi ulitoka mikononi, ukabaki kwenye mistari ya viganja. Nikakishika kisigino cha bibi, uso nimeugeuzia dirishani.

Muuguzi alikata bandeji. Harufu ilijaa chumba kizima, ile tamu na mbaya, ikichanganyika na ya mtaro. Alifungua tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akashusha pumzi.

"Maji machafu yamefika tabaka la tatu. Kitambaa cha ndani bado kikavu. Mngechelewa hadi Ijumaa, tungekuwa tunazungumza mambo mengine kabisa."

Mama alifumba macho. Bibi alinitazama.

"Miezi mitatu hujakaa karibu nami," alisema. Hakuwa na hasira. "Nilijua sababu. Sikukulaumu, mjukuu wangu. Hata mimi mguu huu unanitia kinyaa. Asubuhi nikiuona, chai hainipiti. Kuona kinyaa si kosa, Mungu ametupa pua. Kosa ni kuuachia uchafu ukae kwa sababu unanuka, halafu kusema umeshausafisha. Mimi ningekuwa natazama mguu mmoja tu, ule mzima, huu ungeshakatwa zamani."

Muuguzi alichovya pamba kwenye dawa.

"Shika vizuri," alisema.

Niligeuza uso kutoka dirishani, nikakitazama kidonda cha bibi. Kilikuwa kibaya kuliko nilivyowahi kukiwazia, chekundu na cha manjano, kikimeta kwa majimaji, na mate machungu yalinijaa mdomoni. Niliyameza. Lakini kwenye ukingo wa juu niliona ngozi mpya, nyembamba, ya waridi, imeanza kuota.

"Bibi," nilisema, "huku juu kunapona."

"Kweli? Mimi sipaoni kwa jinsi nilivyokaa," alisema bibi. "Niambie kukoje."

Nikainama karibu zaidi, nikamwambia.