Mwili Niliouacha Bwera

Cheka, Blandine. Cheka mpaka hiyo chai yako ya kukondesha ikutoke puani. Ni wewe uliyening'ang'ania tangu asubuhi, "Mama mukubwa, niambie siri, ulifanya nini mpaka ukakonda hivi?" Sasa nimefungua mdomo, unamkonyezea mume wako kwamba kizee kimeanza. Sikuja Kasese kuchekwa. Nimekuja kwa sababu sina pengine pa kulala. Na usinitajie tena maneno aliyokuambia Vasta kwenye simu. Nitayafikia mwenyewe. Kaa chini usikilize, au nenda kaoshe sufuria.

Kukonda kwangu hakuna siri. Ni ugonjwa wa sukari. Nesi, mtoto wa juzi tu, alinitazama nilivyojaza kiti chake akaniambia, "Mama, upunguze ama ukufe." Nikapunguza. Niliacha soda, nikaacha ugali wa muhogo jioni, nikaanza kwenda soko la Mpondwe kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mwaka haukuisha, nusu yangu ilikuwa imekwenda.

Imekwenda wapi? Hakuna aliyeuliza. Mtu akipoteza mbuzi, kijiji kizima kinaingia vichakani kutafuta. Mtu akipoteza nusu ya mwili wake, wanampigia makofi.

Wengine hawakupiga makofi. Sisi wazee tunakumbuka miaka ile UKIMWI ulipokuwa ukimaliza watu, tukauita silimu, ugonjwa wa kukonda. Kanisani wakaanza kuniachia benchi zima peke yangu. Na benchi lenyewe! Hakuna aliyeniambia kwamba nyama ya makalio ni mto aliokupa Mungu bure. Misa nzima nilikaa kama niliyekalia mawe ya mtoni. Baridi ikaniingia. Jua la kwetu Bwera unalijua, lakini mimi adhuhuri nilivaa sweta mbili. Ngozi ikaning'inia mikononi kama gunia lililomwagwa. Sauti ikawa nyembamba, sauti ya mtu mwingine. Pete yangu ya ndoa, ambayo ilikuwa imezama kidoleni hata sabuni haikuitoa, ilidondoka kwenye sufuria ya maharagwe. Nikaiweka ndani ya kopo la majani ya chai. Na kila mlango bado niliupita ubavu, kwa mazoea, mlango ambao sasa ungepitisha watatu kama mimi.

Vijana wa boda waliokuwa wakinikimbia kwa kuhurumia tairi zao, sasa wanagombana: "Mama, panda hapa! Mama, kuja kwangu!" Niliwachukia. Walikuwa wapi magoti yaliponiuma?

Halafu kulia. Mimi niliyezika watoto wawili kwa macho makavu, nikaanza kulia nikimenya viazi. Haikuwa huzuni. Nililia kama mtu aliyefiwa ambaye bado hajaambiwa ni nani amekufa.

Hayo yote ningeyameza. Shida ilikuwa Danieri.

Unamjua mume wangu. Alikuwa mlinzi wa wanyama kule Mweya mpaka macho yakamwisha, na hata leo anaamrisha kama amesimama kizuizini na bunduki. Kipofu aliyelinda tembo hahitaji macho kumjua mkewe. Alinijua kwa kishindo. Nikiingia, sakafu ilitikisika kidogo, naye anasema, "Tembo wangu amerudi." Nikilala, upande wangu wa kitanda unashuka na wake unapanda, ndipo anapata usingizi. Tumeishi hivyo tangu tuoane.

Asubuhi moja nampelekea uji, akanidaka mkono.

"Wewe nani?"

"Ni mimi, mzee. Mbambu."

"Mbambu iko wapi?"

"Ndiye mimi. Kunywa uji."

Akaubinya mkono wangu, akauzungusha vidoleni mwake kama anayepima kamba. "Huu si mkono wa bibi yangu. Sema! Mbwa yetu ya Mweya ilikuwa inaitwa nani?"

"Kamanda. Ulimzika chini ya mchongoma."

"Na mama yangu, siku ulikuja hapa kuolewa, alikuambia nini?"

"Kwamba nitamaliza chakula chake chote."

Vidole vyake vikalegea kidogo. Nikafikiri tumemaliza upuuzi. Kisha akaachia mkono wangu na kunong'ona...

"Umefundishwa vizuri."

Tangu siku hiyo hakula kitu kutoka mkononi mwangu. Alikaa kitandani macho yamemtoka, hayaoni, akisikiliza nyayo zangu nyepesi kama anayesikiliza nyoka darini. Hakulala. Alinyauka mbele yangu. Nikimsogelea na kijiko, anafunga meno. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikamwita padri amwambie kwamba mimi ni mimi. Danieri alimjibu padri, "Hata wewe amekudanganya."

Nilijua nitamzika. Mwanamume niliyemwongoza chooni na kumwogesha miaka yote hiyo, atakufa na njaa kwa sababu mke wake amekonda.

Siku moja akasema, uso umeelekea ukutani, "Niletee nguo yake. Ile haijafuliwa."

Nilikuwa na gomesi yangu ya kijani, ile kubwa ya mabega yaliyochongoka na mshipi mpana. Iliachwa msumarini nilipoanza kuogelea ndani yake, na jasho langu la zamani lilikuwa bado kwapani. Nikafikiri: nguo tupu itamsaidia nini? Nikaenda shambani, nikakusanya majani makavu ya migomba, nikaijaza. Kifua, tumbo, makalio, kama nilivyokuwa. Nikashona shingo kwa uzi wa gunia, nikashona na chini, nikafunga mshipi, nikailaza upande wangu, karibu na ukuta.

Danieri akanyoosha mkono. Akaupata ule mviringo wa tumbo. Akashusha pumzi.

Jioni hiyo alikula. Nilisimama na sahani mkononi, nikiuonea wivu mto wa majani. Kisha nikatandika mkeka wangu jikoni.

Vasta, jirani yangu, unajua haingii kwa hodi. Alikuja na maparachichi, akachungulia chumbani, akarudi kinyumenyume mpaka uani.

"Mbambu. Ile nguo ni yako?"

"Ya nani tena? Ya mke wa askofu?"

"Na ndani umetia mugomba?"

"Majani tu. Mzee apate kitu cha kuegemea."

Wewe, Blandine, ni mtoto wa lami, labda hujui. Kwetu, maji ya mto yakimchukua mtu na mwili usipatikane, tunakata shina la mgomba, tunalivika nguo zake, tunalilia, tunalizika. Hapo ndipo aliyepotea anajua kwamba amekwisha. Ndipo anaacha kutafuta nyumba yake.

Vasta akashusha sauti. "Umemutengenezea mwili mutu aliyepotea. Halafu haukumuzika. Umemulalisha kitandani!"

"Nani amepotea hapa?"

Alinitazama. Mikono ya sweta inayopwaya, sketi niliyoikaza kwa pini, viatu vinavyonitoka.

"Mbebe nyuma ya choo umzike," akasema. "Leo."

Nikamwambia achukue maparachichi yake aende. Nilikuwa nimechoka, na mzee alikuwa anakula. Ungefanya nini wewe?

Baadaye, siku ya soko, nilikwenda Mpondwe kununua sombe. Wakongomani wanaleta majani mazuri ya muhogo, na Danieri anayapenda. Nilirudi jua likiangukia upande wa Kongo, kikapu kichwani, vumbi la magari mdomoni. Ng'ombe wanarudi. Watoto wanaitwa ndani. Jioni kama jioni zote.

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza.

Siagi ya ng'ombe.

Zamani nilijipaka siagi mapajani, maana yalisuguana mpaka yakaungua. Siku hizi mapaja yangu hayajuani. Siagi sikuwa nayo nyumbani tangu nianze kukonda. Lakini ilinuka mpaka kwenye ua wangu, siagi na jasho, na lile jasho nililijua kama ninavyolijua jina langu.

Nikasimama.

Du... du... du...

Mtu anatembea ndani. Anatoka jikoni, anakwenda chumbani. Mtu mzito, anayeburuta kidogo mguu wa kushoto. Goti langu la kushoto ndilo lililokuwa likinisumbua. Hakuna mtu aliyewahi kusimama nje akasikia mwendo wake mwenyewe.

Mimi niliusikia.

Kisha kitanda kikalia. Na Danieri akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia mwaka mzima.

Niliingia. Jiko lina moto ambao sikuuwasha. Ugali wa muhogo unafuka mvuke kwenye sinia. Sakafuni, kutoka jikoni mpaka kitandani, vipande vya majani makavu ya mgomba, kimoja hapa, kimoja pale, kama mtu aliyepita akimwagika. Kopo la majani ya chai liko wazi. Nikatia kidole ndani...

Pete haipo.

"Nani amekupikia?" nikanong'ona.

"Simama hapo!" Danieri ameketi kitandani, vidole vinang'aa mafuta. "Bibi yangu amepika. Wewe mwizi, umerudi tena kufanya nini?"

Nyuma yake, upande wa ukuta, blanketi limevutwa juu. Chini ya blanketi pameinuka kama kilima. Pindo la gomesi ya kijani linaonekana, na ule uzi wangu wa gunia umening'inia. Umekatika.

Ndipo nikakumbuka Vasta. Nikasema moyoni, nitalitoa sasa hivi, nitalizika nyuma ya choo hata kwa mikono. Nikapitisha mkono juu ya magoti ya mzee, nikashika mshipi, nikavuta.

Majani makavu, Blandine, mtoto mdogo anabeba gunia lake kichwani.

Halikusogea.

Nikavuta kwa mikono miwili, mguu nimeukaza kwenye ukingo wa kitanda. Mbao za kitanda zikalia. Nikaegemea tumbo la kile kitu ili nipate nguvu. Lilikuwa la moto. Na lilikuwa linapanda... linashuka... linapanda...

Mkono ukatoka chini ya blanketi, ukalala juu ya mkono wangu.

Mnene. Laini. Pete imezama kidoleni, hata sabuni haingeitoa.

"Umechoka," sauti ikasema. Sauti yangu, ile nene niliyokuwa nayo. Ilisema polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Umechoka sana, Mbambu. Mimi nitamwogesha. Mimi nitampeleka chooni. Nenda."

Sikuona uso. Blanketi lilikuwa juu, nami sikulishusha. Usiniulize kwa nini. Kuna kioo ambacho hata wewe hungekiangalia.

Na nikuambie jambo moja ambalo Vasta halijui. Ule mkono ulikuwa na joto. Kwa mara ya kwanza tangu nikonde, sikusikia baridi. Nilisimama pale nimeshikwa, na mwili mzima ulitaka kulala juu ya kile kitu na kuingia ndani yake kama mtu anayerudi nyumbani. Nikaunyofoa mkono wangu kabla miguu haijakubali.

Sasa nimefika kwa Vasta. Alikuambia nini? Kwamba kila asubuhi ananiona uani kwangu nikichambua maharagwe. Kwamba nimenenepa kama zamani. Vasta, ambaye haingii kwa hodi, sasa anasalimia kutoka barabarani, tena anatembea huku anasalimia. Na alikuambia kwamba siku hizi anayekonda ni Danieri. Anakula, anacheka, na anakonda.

Naam. Mimi pia ningependa kujua hicho chakula kinakwenda wapi. Au labda najua.

Unasema nirudi nikamtoe Danieri. Nirudi kama nani? Nitabisha hodi mlangoni pangu, niseme mimi ni Mbambu. Mbambu mwenyewe atakuja kufungua, ameujaza mlango. Majirani watatutazama sisi wawili. Watamwamini nani? Yeye mwenye pete, mwenye kishindo, mwenye mume anayemwita? Au hiki kijiti kilichovaa sweta mbili?

Wewe kunywa chai yako. Lakini nguo zako kubwa, zitakapoanza kukupwaya, zifue. Zichome. Usimpe mtu, na usizijaze kitu.

Jioni ile nilichukua kitambaa changu cha kichwa na kadi ya hospitali. Kikapu cha sombe nikakiacha mezani, maana Danieri anapenda sombe. Nikafika mlangoni. Danieri akageuza uso.

"Nani anatoka?"

Nilingoja. Mungu ananiona, nilingoja. Kama angesema jina langu mara moja tu, uso wake umeelekea kwangu, ningerudi nikapigana na kile kitu kwa meno haya machache.

Kitanda kikalia. Upande mmoja ukashuka, upande wake ukapanda.

"Hakuna mtu," sauti yangu ikamjibu. "Lala."

"Tembo wangu," akasema, na pumzi yake ikatulia.

Nikajipinda ubavu, kwa mazoea, nikapita. Kisha nikauvuta mlango nyuma yangu, nikaufunga taratibu, nisimwamshe.