Maranda Yenye Harufu Nzuri

Shangazi alimtoa panya wa kizimba cha saba, akamweka kwenye mzani, akataja uzito. Chapuchapu, binti wa kaka yake, akaandika daftarini. Kila siku baada ya shule alimsaidia shangazi huyo, mtafiti wa maabara, kubadilisha maranda wanayolalia panya.

"Ajabu," alisema shangazi. "Panya hawa wana uvimbe kwenye ini. Miezi mitano dawa tunayoijaribu, wakipewa asubuhi, imekuwa ikikaa damuni hadi jioni. Wiki hii, saa sita mchana imeisha! Ini lina vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa. Kuna kitu kimeviamsha."

"Labda wamezeeka."

"Kwa wiki moja? Mimi basi nisingekuwa na jino hata moja!"

Chapuchapu hakucheka. Siku nane zilizopita maranda ya stoo yaliisha. Badala ya kumwambia shangazi, alikimbia kwa seremala jirani, akaomba gunia la maranda. Yalinukia kama sabuni. Alidhani panya watafurahi.

Nyumbani, baba yake alikuwa kitandani, naye ana uvimbe wa ini. Kila jioni aliuliza, "Panya wangu wanasemaje?"

Pale maabara, shangazi alishika kalamu. "Basi niandike kwamba uvimbe ndio umebadilisha ini."

"Usiandike, shangazi! Ni mimi." Akaeleza yote.

Shangazi alichota maranda, akanusa, akaketi. "Mbao zenye harufu kali huviamsha vimeng'enya. Panya hawa hawafai tena kwa kazi hii. Miezi mitano imepotea."

"Na baba?"

Shangazi alimvuta karibu. "Sitakudanganya, mwanangu. Hata bila kosa lako, kazi hii isingemuwahi baba yako."

Chapuchapu alilia. Shangazi alimwacha alie, kisha akamfuta uso kwa kanga.

"Ulikosea kwa haraka, ukakosea zaidi kwa kunyamaza. Lakini ungenyamaza na leo, ningeandika uongo bila kujua. Siku moja mgonjwa angepewa dawa kwa kipimo kisicho chake. Hilo umelizuia. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

Walianza kuosha vizimba vya kupokea panya wapya. Kengele ya kufunga ililia wakiwa wameosha kumi na kimoja kati ya arobaini.

"Baba akiuliza leo?"

"Mwambie ukweli. Nitakuwa karibu nawe." Shangazi alitundika aproni yake. "Hivi vingine kesho."